Meza 200, viti 200 na vernia moja: kikundi cha Kizota kilivyoiuzia halmashauri

Vijana wanane wanaochomelea vyuma Kizota, hapa Dodoma, waliiuzia halmashauri moja ya kanda ya kati seti 200 za meza na viti vya wanafunzi wa sekondari. Mkataba ulikuwa wa shilingi 17,000,000. Mzigo ulifika, ukapokelewa, ukalipwa. Walipokaa kupiga hesabu, karatasi ilionyesha faida ya 200,000, na mkononi wakajikuta wamepungukiwa 140,000. Hakuna aliyedhulumiwa wala hakuna aliyetoa ya kubrashi viatu. Kila ofisi ilifanya ilichotakiwa kufanya, nao vijana walichapa kazi usiku na mchana.

Kisa hiki nimekiunga kutoka kwenye mafaili zaidi ya moja, maana kazi yangu ni kuwaandalia wafanyabiashara wadogo nyaraka za zabuni. Tarakimu za fedha nimezinyoosha ili zihesabike kwa urahisi, na kikundi wala halmashauri sitazitaja. Sheria, mifumo na viwango vya kodi nimeviacha kama vilivyo.

Ninachodai ni hiki: faida yao haikupotelea kwenye bei waliyoshindania. Iliyeyuka baada ya ushindi, kati ya karakana na kamati ya mapokezi, kisha kati ya mapokezi na malipo. Huko wafanyabiashara wengi hawatupi jicho kabisa wanapojaza bei.

Mlango waliopitia

Dodoma ya leo ina wanunuzi wengi wa serikali kwenye eneo dogo. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kwa vitendo, CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ikavunjwa 2017 na shughuli zake kuhamishiwa manispaa, kisha mji ukatangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, kila mwenye duka la vifaa vya ofisi amekuwa akisema "nataka kuuza jijini". Kauli hiyo ndiyo chanzo cha kugonga milango isiyo yenyewe. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Maji ni DUWASA. Gari la serikali likiharibika linakwenda TEMESA, na mafuta yake kwa kawaida yanapitia GPSA. Dawa za zahanati huanzia MSD, na zikikosekana huko hutafutwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, utaratibu ambao kwa kweli ulianzia mkoani hapa hapa Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambaa mikoa mingine. Ukiondoa hayo yote, halmashauri yenyewe inabaki na usafi, shajala, samani, chakula cha vikao, sare, ulinzi, ukarabati wa majengo na vitu vya aina hiyo. Si vichache, ila lazima ujue unamuuzia nani.

Vijana wetu walilijua hilo kwa bahati. Walikuwa tayari wamesajiliwa kama kikundi kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa sababu walitaka mkopo wa asilimia 10, ule unaotoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurejea kwenye mwaka wa fedha 2024/25, nao wakapata shilingi 10,000,000 isiyo na riba. Afisa aliyewasimamia ndiye aliyewaambia kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalum: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. "Mkopo mmeshapata," aliwaambia, "sasa tafuteni na kazi, msije mkaila hela."

Zabuni zenyewe ziko kwenye NeST, mfumo ulioanza Julai 2023 na kuiondoa TANePS Oktoba ya mwaka huo. Bahasha ya kaki yenye lakiri haipo tena. Unajisajili kwa TIN na leseni, unachagua aina ya biashara unayoifanya, unajaza bei mtandaoni, na muda ukiisha mfumo unafunga. Hapo kwenye aina ya biashara huwa naona watu wakijikwaa: fundi anajiandikisha kama muuza vifaa vya ujenzi kwa sababu ndilo neno lililopo kwenye leseni yake, kisha anashangaa zabuni ya samani haimfungukii. Kikundi hiki hakikujikwaa hapo. Kilikuwa na mweka hazina msichana aliyemaliza stashahada ya uhasibu, anayesoma kila kitu mpaka chini.

Pia kuna mpango wa mwaka wa ununuzi, ambao kila taasisi huandaa na kuuweka wazi. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na anayeusoma mpango huo mapema anajua miezi kabla kwamba halmashauri fulani itanunua samani za shule, kwa robo ipi na kwa njia ipi ya ununuzi. Vijana hawakuusoma. Waliikuta zabuni imeshatangazwa, wakawa na siku chache za kupanga bei. Haraka hiyo ina sehemu yake katika yaliyofuata.

Bei

Walikaa karakanani jioni moja, kalamu na daftari, wakapiga hesabu ya seti moja. Skwea paipu mbili za inchi moja, unene wa milimita 1.5, kwa 18,000 kila moja: 36,000. Mbao za juu ya meza na za kiti, paini iliyokaushwa kutoka Mafinga, pamoja na varnishi: 17,000. Fimbo za kuchomelea, diski za kukatia, rangi, boliti, raba za miguu na umeme: 8,000. Ujira wao: 9,000. Jumla 70,000. Wakaongeza 15,000 ya faida, wakajaza 85,000.

Hivyo ndivyo wanavyompangia bei mteja wa mtaani anayekuja kuagiza geti. Kwa mteja huyo hesabu iko sawa, kwa sababu anatoa nusu ya fedha kabla ya kazi, anakuja na gari lake, na akichukua geti anamalizia. Mteja wa serikali hana hata moja kati ya hayo matatu. Hatoi kianzio, isipokuwa mkataba unaruhusu malipo ya awali na wewe una dhamana ya kuyatolea. Anataka mzigo ufikishwe, na hapa ulitakiwa ufike shule tatu tofauti, mbili zikiwa nje ya lami. Na analipa baada ya kukagua, kwa utaratibu wake.

Usafiri haukuwemo kabisa kwenye 85,000. Mwenyekiti aliniambia walidhani "halmashauri ina magari". Halmashauri ina magari kweli, ila nyaraka za zabuni zilisema bei ijumuishe kufikisha mzigo shuleni. Sentensi hiyo ilikuwa kwenye masharti maalum ya mkataba, kurasa ambazo watu huziruka kwa sababu zinafanana zabuni hadi zabuni.

Ushindi wenyewe hauna mengi. Zabuni zilifunguliwa kwenye mfumo, kamati ya tathmini ikapitia, taarifa ya kusudio la kutoa tuzo ikatumwa kwa wazabuni wote, siku za malalamiko zikapita bila mtu kulalamika. (Ukishindwa na unaona umeonewa, unaanza kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi inayonunua, na usiporidhika unakwenda PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni za umma. Siku za kufanya hivyo ni chache mno, kwa hiyo fungua akaunti yako ya NeST kila asubuhi.) Mkataba ukasainiwa, LPO, yaani hati ya kuagizia bidhaa, ikatoka. Kizota walichinja mbuzi.

Chuma kinasema nini

Kwa seti 120 za mwanzo walinunua paipu duka wanalolizoea, kwa 18,000. Akiba ya duka ikaisha. Duka la pili likawapa paipu 160 kwa 15,500, risiti ikiandikwa "1.5". Paipu ni paipu, zote zimenyooka, zote zinang'aa. Kijana aliyekuwa akikata alisema siku ile ile kwamba diski inapita kama inakata mkate. Wenzake wakacheka, kazi ikaendelea.

Mzigo ulipakiwa kwenye Fuso kwa safari tatu zilizogharimu 600,000. Katika kila shule mkuu wa shule alihesabu, akasaini deliveri noti, akagonga mhuri, akawashukuru. Vijana wakarudi mjini wakijua kazi imekwisha, mweka hazina akaandaa ankara.

Ankara ilirudi siku hiyo hiyo. Saini ya mkuu wa shule inathibitisha kwamba vitu vimeshushwa pale. Anayepokea kwa niaba ya halmashauri ni kamati ya ukaguzi na mapokezi, inayoteuliwa na afisa masuuli, yaani Mkurugenzi, na kazi yake ni kulinganisha kilichofika na kilichoandikwa kwenye mkataba. Mpaka kamati hiyo iandike ripoti, mbele ya mhasibu mzigo wako haujafika, hata kama watoto wameshakalia viti.

Kamati ilikuja wiki iliyofuata. Ndani yake alikuwemo mzee mmoja fundi sanifu, mtu wa hapa hapa Ugogoni, aliyewasalimu vijana "Mbukwenyi" na kuuliza habari za karakana. Kisha akachukua kiti kimoja, akakipindua juu ya meza, akang'oa raba ya mguu kwa bisibisi. Akasugua rangi kwa kipande cha msasa mpaka ukingo wa chuma ukabaki mweupe. Akatoa mfukoni vernia, kile kifaa cha kupimia unene, akaubana ukingo, akasoma, akarudia upande wa pili.

"Mwanangu, paipu hii umenunua wapi?"

"Dukani, mzee. Risiti ninayo, imeandikwa moja nukta tano."

"Risiti inasema moja nukta tano. Chuma kinasema moja nukta mbili. Mimi nitaandika cha chuma."

Akaendelea na kiti cha pili, cha tatu, cha nne. Alipoona vingine viko sawa na vingine havipo, aliomba seti zote zikaguliwe moja moja. Ilichukua siku nzima. Seti 120 zilipita. Seti 80 zilikataliwa, na ripoti ikaeleza kwa nini, kwa vipimo.

Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba kamati za namna hii zinakomoa. Hapa sikubaliani nao. Tofauti ya milimita 0.3 inasikika ndogo, lakini ni moja ya tano ya chuma chote cha mguu, na mtoto wa kidato cha tatu anayekaa kiti cha nyuma hakai kwa miguu minne. Anabembea kwa miwili. Paipu nyembamba hukatika pale pale kwenye mshono wa kuchomelea. Kamati ikiipitisha, mkaguzi akija na vernia yake mwaka unaofuata, waliosaini ndio watakaoulizwa. Mzee yule alikuwa analinda pensheni yake, na kwa kufanya hivyo akawalinda na watoto.

Kosa la vijana halikuwa udanganyifu, hilo nina hakika nalo. Ila hawakuwa na vernia. Kifaa hicho hakifiki hata bei ya seti moja ya meza na kiti, na kingewaonyesha ukweli wakiwa bado kaunta ya duka, kabla paipu hata moja haijapandishwa kwenye mkokoteni. Wangemwambia muuzaji abadilishe palepale. Baada ya kukata na kuchomelea, huna cha kurudisha. Walikwenda dukani na ripoti ya kamati mkononi, wakaambiwa bidhaa ikishakatwa hairudi. Kwenda mahakamani kwa sababu ya paipu 160 hawakutaka, na sidhani ningewashauri vinginevyo.

Mtaji unapokatika

Seti 80 mpya zilihitaji 70,000 kila moja, yaani 5,600,000, nayo haikuwepo. Hapa ndipo kikundi kilipoanza kuvuja.

Zile seti zilizokataliwa ziligharimu 65,000 kila moja. Waliziuza kidogo kidogo kwenye vituo vya tuisheni kwa 60,000, wakimweleza kila mteja unene wa paipu, jambo lililonifurahisha. Hasara hapo ni 400,000. Fuso ya kurudisha 80 mbovu na kupeleka 80 mpya ikala 300,000. Na kwa kuwa fedha ya tuisheni ilikuwa inaingia kwa matone huku mkataba una tarehe ya mwisho, walikopa 2,500,000 kwenye mkopo ule ambao mtaani unaitwa kausha damu, asilimia 20 kwa mwezi.

Ujira wao wa 9,000 kwa seti hawakujilipa. Kwa seti 280 walizotengeneza, hiyo ni 2,520,000 ambayo wao wenyewe waliukopesha mradi. Watu hawaiandiki popote fedha ya namna hii, lakini mtu mwenye kodi ya nyumba na mtoto wa chekechea anaijua ilipo.

Mwishoni mwa Mei kamati ilirudi, ikapima, ikapitisha. Juni mosi mafaili ya malipo yalikuwa mezani.

Kati ya Juni na Agosti

Faili la malipo linataka LPO, mkataba, deliveri noti, ripoti ya kamati, hati ya kupokelea bidhaa na ankara, na vyote viseme kitu kimoja. Ankara yao ilikuwa na jina la kikundi lililofupishwa, ilhali kwenye NeST na benki jina liko kamili. Ikarudishwa. Waliporekebisha ilikuwa katikati ya Juni, wakati ambao kila idara nchini inakimbizana kufunga mwaka. Malipo ya halmashauri yanapita kwenye mfumo wa MUSE, na tarehe 30 Juni ikipita na wewe hujalipwa, dai lako linavuka na kuingia kwenye orodha ya madeni ya wazabuni, ambayo nayo huhakikiwa kabla ya kulipwa. Vijana walikuwa na kila karatasi, uhakiki haukuwasumbua. Ila ulichukua muda, na kausha damu haijui mwaka wa fedha.

Kuhusu risiti ya EFD nina neno. Baadhi ya ofisi huomba risiti iambatanishwe kabla ya malipo. Ukishaitoa, mashine imeshapeleka TRA taarifa kwamba umeuza, na mauzo hayo yatahesabiwa upate fedha usipate. Mweka hazina wao aliomba kwa adabu atoe ankara kwanza, risiti aitoe siku fedha ikiingia, na mhasibu akamkubalia bila ugomvi. Kuomba si kosa.

Kisha likaja jambo ambalo mtu akilisimulia kijiweni watu watadhani anatunga. Julai marejesho ya mkopo wa asilimia 10 yalifika. Mkopeshaji ni halmashauri ile ile. Mama wa maendeleo ya jamii akapiga simu.

"Wanangu, marejesho ya mwezi huu sijayaona."

"Mama, shikamoo. Hela zetu si ziko kwenu huko huko? Milioni kumi na saba."

"Marahaba. Hizo ziko kwa mhasibu. Mimi nina daftari la mikopo tu, na mkichelewa jina linakaa vibaya."

Alikuwa sahihi. Mifuko ni miwili, vitabu ni viwili, na hakuna afisa anayeweza kukata deni la huku kwa dai la kule kwa maneno ya simu. Walikusanya fedha ya vibarua vya mageti wakalipa. Ila halmashauri yenye kikundi kinachoidai na inachokidai ingeweza angalau kupanga marejesho yaanze baada ya malipo ya LPO. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji watu wawili wa jengo moja wakae meza moja.

Fedha iliingia mwishoni mwa Agosti: 16,660,000. Simu zikalia karakanani, "mbona pungufu?" Ile 340,000 ni kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa zinazouzwa serikalini (huduma ni asilimia 5). Haijapotea. Ni kodi iliyotangulizwa, na ukidai cheti chake itapunguza kodi ya mapato utakayodaiwa. Bila cheti umeitoa sadaka. Wazabuni wadogo wengi niliowaona hawana hata kimoja kwenye faili.

Hesabu ya mwisho sasa. Faida waliyoitarajia 3,000,000. Toa usafiri wa kwanza 600,000, usafiri wa pili 300,000, hasara ya seti zilizokataliwa 400,000: inabaki 1,700,000. Riba ya kausha damu kwa miezi mitatu, 1,500,000. Imebaki 200,000 kwa watu wanane. Na kwa kuwa 340,000 iko TRA ikisubiri cheti, siku ile mkononi walikuwa chini kwa 140,000.

Nani alikula faida

Ukizipanga gharama zile kwa ukubwa, paipu nyembamba peke yake haikuwamaliza. Hasara yake ya moja kwa moja, ukijumlisha na Fuso ya pili, ni 700,000. Riba ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Kilichowaangusha ni kufadhili ununuzi wa serikali kwa fedha ya mtaani, na hilo lingewapata hata kama kila paipu ingekuwa 1.5, kwa sababu mtaji wao ulikuwa mkopo wa milioni kumi na ujira ambao hawajajilipa, wakati gharama ya kutengeneza seti 200 na kuzifikisha ni 14,600,000.

Wangefanyaje? Mzigo ulikuwa unakwenda shule tatu. Kabla zabuni haijafungwa, mzabuni ana haki ya kuomba ufafanuzi kupitia mfumo, na swali moja lingewafaa kuliko yote: je, mzabuni anaweza kukabidhi shule moja, akakaguliwa, akadai, kisha aendelee na ya pili? Jibu likiwa ndiyo na likaingia kwenye mkataba, mkopo wao wa milioni kumi ungetosha kuanza, paipu mbovu zingegunduliwa kwenye shule ya kwanza au ya pili, na sehemu kubwa ya malipo ingeingia kabla ya Juni. Halmashauri nayo isingepoteza chochote. Sijui kwa nini watu hawaulizi. Nadhani wanaogopa kuonekana wasumbufu, ilhali swali linaonekana kwa wazabuni wote na jibu vilevile.

Benki nazo hukopesha kwa kushikilia LPO, kwa riba isiyokaribiana na asilimia 20 kwa mwezi. Zinataka akaunti yenye mzunguko na vitabu vinavyosomeka. Kikundi kilikuwa na vitabu, shukrani kwa yule mweka hazina, lakini mauzo yao yote ya mageti yalikuwa yanaingia kwenye simu ya mwenyekiti. Benki ilitazama akaunti ya kikundi ikakuta jangwa.

Na kuna bei. Wangeweka usafiri wa 3,000 kwa seti na gharama ya fedha ya miezi minne, wasingejaza 85,000. Hapo ndipo ugumu halisi ulipo, na sina jibu la kuwafurahisha wote. Zabuni iliyofuata, ya halmashauri nyingine, walijaza 93,000, kila kitu kikiwa ndani. Wakashindwa na aliyejaza 84,000. Mwenyekiti alinipigia akiwa amekasirika: "Kaka, si ulisema tuweke gharama zote?" Nilisema, na ningesema tena. Huyo wa 84,000 ama ananunua paipu kwa tani kutoka Dar es Salaam na ana Fuso yake, ama yuko njiani kukutana na mzee wa vernia. Kikundi cha Kizota hakiwezi kushindana na wa kwanza, na hakina sababu ya kumwonea wivu wa pili.

Kwa sasa wamegeukia ukarabati. Shule zina viti vilivyovunjika vimerundikwa nyuma ya madarasa, chuma kizima na mbao zimeoza, au mbao nzima na mshono umeachia. Kazi hiyo inahitaji fimbo za kuchomelea, mbao chache na ujira. Mtaji ni mdogo, mpokeaji anaona mara moja kama kiti kinasimama, na dai likichelewa mwezi mmoja halimuui mtu. Wameomba zabuni ya ukarabati ya kundi maalum kwenye NeST, kwa 19,500 kwa seti, usafiri wa fundi ukiwa ndani, na safari hii waliuliza swali la malipo kwa awamu kabla ya kujaza bei. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: inaruhusiwa, kwa kila shule itakayokamilika.